Ndiyo Ipi? Miaka Yangu na Vitufe vya Redio

Muuguzi wa zahanati niliyoitengenezea fomu ya mtandaoni alinipigia simu Jumatatu moja asubuhi, nikiwa bado ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo, na siku hiyo hakupoteza muda kwa salamu. "Kaka, huyu mgonjwa aliye mbele yangu anasema dawa hazimdhuru. Fomu yako inasema ndiyo. Sasa niamini nani?" Nilimwomba anisomee swali lenyewe kama lilivyoandikwa, naye akalisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayeanza kutambua tatizo liko wapi: "Je, huna mzio wa dawa yoyote?" Chini ya swali hilo palikuwa na vitufe viwili vya mviringo, kimoja cha Ndiyo na kingine cha Hapana, na mgonjwa alikuwa amebonyeza Ndiyo.

Mgonjwa hakukosea. Kwa Kiswahili, neno "ndiyo" hukubaliana na kauli iliyotamkwa. Ukimwuliza mtu "Hujala?" naye hajala, atakujibu "Ndiyo, sijala," na hakuna atakayemshangaa. Kiingereza hufuata njia nyingine: kama hujala, jibu ni la kukana, hata swali liwe limeulizwa vipi. Nairobi ni mji wa watu wenye njia hizo zote mbili kichwani. Basi mtu asiye na mzio aliyelipokea swali langu kwa sikio la Kiswahili alibonyeza Ndiyo, yaani kweli sina. Na mwenzake, ambaye naye hana mzio, lakini hujibu maswali ya fomu kwa mazoea ya Kiingereza cha shuleni, alibonyeza Hapana, yaani sina. Vitufe viwili vilivyokusudiwa kuwatenganisha watu vilikuwa vikiwachanganya, na aliye na mzio wa kweli angeweza kuangukia upande wowote kati ya hizo mbili.

Swali lilikuwa langu. Zahanati ilinipa fomu yake ya karatasi ya Kiingereza, ambayo ilikuwa na mstari wa kukanusha wa aina hiyo, nami nikaugeuza neno kwa neno usiku mmoja, kwa haraka, nikijua kwamba kesho yake nilitakiwa kuionyesha kazi. Niliiondoa sehemu hiyo kwenye tovuti kabla sijashuka kwenye gari, kwa simu, na siku mbili zilizofuata muuguzi alikaa akiwapigia simu wagonjwa wote waliokuwa wamejisajili, mmoja baada ya mwingine, awaulize upya kwa mdomo. Sikumsikia akilalamika, jambo ambalo lilinikera zaidi kuliko kama angenifokea.

Nimetengeneza fomu za tovuti kwa miaka mingi, za vyama vya akiba, za shule, za makanisa, za maduka, na mpaka asubuhi ile nilikuwa nikikihesabu kitufe cha redio, yaani kile cha mviringo cha kuchagulia jibu moja, kuwa kifaa chepesi kuliko vyote katika fomu. Mistari michache ya msimbo, na kazi imekwisha. Tangu siku ile nimekiona kuwa ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu kisanduku cha maandishi humwachia mtu aseme kwa maneno yake mwenyewe, ilhali kitufe cha redio humtaka mwulizaji aandike swali pamoja na majibu yote yanayowezekana, kabla hajamwona mtu hata mmoja atakayejibu. Jibu ambalo hukuliandika halipo. Mtu mwenye jibu hilo ama atasema uongo, ama ataacha fomu yako na kwenda zake.

Jina lenyewe limetoka kwenye redio za magari ya zamani. Wasomaji wa umri wangu wanazikumbuka: safu ya vitufe vinene chini ya kioo cha masafa, na ukikididimiza kimoja, kile kilichokuwa kimezama huruka nje kwa mlio wa chuma, kwa sababu redio haiwezi kusikiliza stesheni mbili kwa wakati mmoja. Baba mkubwa alikuwa na Peugeot 504 yenye redio ya namna hiyo, na sisi watoto tuliokaa kiti cha nyuma tulikuwa tukimsihi abonyeze vitufe viwili kwa pamoja tuone kitakachotokea. Hakukubali hata siku moja. Alisema redio si ya kuchezea, na kwamba anayetaka stesheni mbili anunue redio mbili.

Kanuni hiyo ya baba mkubwa ndiyo iliyohamia kwenye kompyuta. Kompyuta ya Macintosh, iliyotoka mwaka 1984, tayari ilikuwa na vitufe vya mviringo kwa mambo yanayokubali jibu moja na visanduku vya mraba kwa mambo yanayokubali majibu mengi, na tofauti hiyo ya umbo imedumu mpaka leo katika simu unayosomea makala haya. Katika wavuti, kitufe cha redio kiliandikwa rasmi katika maelezo ya HTML 2.0 (HTML ni lugha ya kuandikia kurasa za wavuti), waraka uliotolewa Novemba 1995 na Tim Berners-Lee na Dan Connolly. Ninawasihi vijana wanaojifunza kazi hii waheshimu umbo hilo. Nimeona tovuti ambazo msanifu wake, kwa kupenda urembo, amevipa visanduku vya tiki umbo la duara, na mtumiaji akabaki akijiuliza kama anaruhusiwa kuchagua viwili. Duara ni ahadi kwamba jibu ni moja.

Kivinjari hutambua kwamba vitufe fulani ni ndugu kwa kuangalia sifa moja tu katika msimbo, nayo ni jina, linaloandikwa name. Vitufe vilivyo ndani ya fomu moja na vyenye jina moja ni kundi moja, na kimoja kikichaguliwa vingine vyote vya kundi hilo hufunguka. Ni rahisi hivyo, na makosa yake ni rahisi vilevile. Ukisahau kuvipa vitufe jina linalofanana, mtu ataweza kuchagua Ndiyo, kisha Hapana, kisha Sijui, vyote vitatu viwake kama taa za Krismasi. Kosa la pili ni baya zaidi, kwa kuwa halionekani kwa mtengenezaji aliyechoka: unanakili swali la kwanza ili kuunda la pili, unabadilisha maneno, na unasahau kubadilisha jina. Sasa maswali mawili yamekuwa kundi moja. Mtumiaji hujibu la kwanza vizuri, hushuka, hujibu la pili, na jibu la kwanza hufutika huko juu nje ya macho yake. Katika skrini ndogo ya simu hatalijua kamwe. Niliwahi kukaa alasiri nzima katika chumba chetu cha Ngara nikitafuta kwa nini wazazi wote wa shule moja walikuwa wameacha wazi swali la usafiri wa basi, na jibu lilikuwa hilo: herufi nane zilizonakiliwa.

Pia kila kitufe kinahitaji thamani yake, inayoandikwa value, ambayo ndiyo hutumwa kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea majibu. Ukiiacha, kivinjari hutuma neno "on" tupu, nawe utapokea majibu mia moja yanayosema kwamba kitu fulani kilichaguliwa bila kusema kipi. Na kama hakuna kitufe kilichochaguliwa katika kundi, hakuna chochote kinachotumwa kwa jina hilo, hata nafasi tupu. Programu ya seva isiyotarajia ukimya huo huanguka au, kibaya zaidi, hujaza pengo kwa jibu lake yenyewe.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo nimebishana kwalo na wateja wengi kuliko jambo lingine lolote: je, kitufe kimoja kiwe kimechaguliwa tangu mwanzo? Waraka wa 1995 ulisema ndiyo. Kama redio ya gari ilivyo na stesheni moja daima, kila kundi lilipaswa kuwa na kitufe kimoja kilichochaguliwa wakati wote, na kama mwandishi wa ukurasa hakusema kipi, kivinjari kilitakiwa kuchagua cha kwanza. Vivinjari havikukubaliana katika utekelezaji, na toleo la HTML 4.01 la Desemba 1999 likakiri kwamba tabia hiyo haijulikani, likawashauri waandishi wachague wenyewe. Leo kanuni ni nyingine: usipoweka chochote, vyote hubaki vitupu mpaka mtu aguse kimoja.

Mimi huviacha vitupu, na sababu yangu ni chama kimoja cha akiba huko Umoja. Mweka hazina alitaka kujua kila mwanachama angependa kuchanga kiasi gani kwa mwezi, shilingi 500, 1,000 au 2,000, akaniagiza niweke 1,000 kuwa chaguo-msingi kwa sababu, kwa maneno yake, "watu wetu ni wavivu wa kubonyeza." Majibu yaliporudi, karibu wote walikuwa wamechagua 1,000. Mweka hazina alifurahi sana. Mwezi uliofuata michango ilipoanza kukusanywa, nusu ya wanachama walisema hawajawahi kukubali kiasi hicho, na walikuwa wakisema kweli: walijaza jina na namba ya simu, wakateremka mpaka chini, wakatuma. Kitufe kilichochaguliwa na mwenye fomu na kitufe kilichochaguliwa na mwenye jibu hufika kwenye seva vikiwa na sura moja, na hakuna hesabu itakayovitenganisha baadaye.

Palipo na ridhaa, jambo hilo limepita adabu na kuwa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaieleza ridhaa kuwa ni kauli ya wazi na ya hiari ya mwenye data, iliyotolewa kwa tamko au kwa kitendo dhahiri cha kukubali. Sioni jinsi kutobonyeza kunavyoweza kuitwa kitendo. Kwa hiyo mteja akiniambia niweke alama kwenye "Ninakubali kupokea matangazo" kabla mtu hajafika, humwonyesha kifungu hicho, na kwa kawaida mjadala huisha hapo, ingawa mmoja aliniuliza kama mimi ni mwanasheria au fundi wa tovuti. Nilimjibu kwamba siku hizi mshahara ni mmoja kwa kazi zote mbili.

Kuna upande wa pili wa vitufe vitupu, nao nilifundishwa na mama mmoja katika saiba iliyo karibu na Mtaa wa River Road, ambako nilikuwa nimeenda kuchapisha risiti. Alikuwa akijaza fomu ya mtandaoni kwenye kompyuta ya jirani yangu, akaniita. "Mwanangu, nimegusa hapa kwa bahati mbaya. Nitatoaje?" Swali lilikuwa la hali ya ndoa, halikuwa la lazima, naye hakutaka kulijibu, lakini kipanya kilikuwa kimeteleza na sasa duara la Mjane lilikuwa limejaa wino. Nilibonyeza tena juu yake, halikutoka. Halitoki. Kisanduku cha tiki ukikigusa mara ya pili hujifuta, bali kitufe cha redio, kama redio ya gari, hukiachia kingine tu, hakijiachii chenyewe. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuupakia ukurasa upya na kupoteza yote aliyokwisha kuandika. Mama aliutazama ule ukurasa, akasema, "Basi, wacha nibaki mjane," akatuma. Sikujua kama mumewe alikuwa hai, na haikuwa haki yangu kuuliza. Tangu hapo, swali lolote lisilo la lazima huliwekea chaguo la mwisho la "Sipendi kusema," ili aliyeteleza awe na mahali pa kurudi.

Swali hilohilo la ndoa lina mtego mwingine ambao watafsiri wa fomu hawauoni. Kwa Kiingereza neno moja huwatosha mume na mke. Kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na ukiandika kitufe cha "Umeoa" peke yake umeshawafukuza wanawake wote kutoka kwenye swali. Ukiandika "Umeoa/Umeolewa" umepata kauli yenye mkwaju katikati ambayo humlazimu kila mtu asome nusu isiyomhusu. Mimi huandika "Nina mume au mke" au, kwa kifupi, "Nipo katika ndoa." Kisha hujiuliza kama swali lenyewe lina kazi. Sheria ile ya 2019 inaitaja hali ya ndoa miongoni mwa data nyeti, pamoja na afya na jinsia, na fomu ya kuagiza keki haina haja ya data nyeti. Wateja wengi huliweka kwa sababu tu waliliona kwenye fomu nyingine.

Jinsia nayo si swali la vitufe viwili tena, na si kwa sababu ya mitindo ya ugenini. Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 iliwahesabu watu wenye jinsia mbili katika safu yao wenyewe, na ikawapata 1,524. Kama serikali yenye watu zaidi ya milioni 47 wa kuhesabu iliweza kupata nafasi ya duara la tatu, fomu ya mashindano ya mbio za mtaa itaweza.

Neno "Nyingine" linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Wasanidi programu hupenda kuandika kipande kimoja cha msimbo na kukitumia kila mahali, na kwa hiyo chini ya kila orodha ya vitufe utakuta duara la mwisho lenye lebo moja isiyobadilika. Kwa Kiingereza haina madhara. Kwa Kiswahili neno hilo hulifuata jina lililoulizwa: ukiuliza kazi, ni nyingine, ukiuliza chakula, ni kingine, mchezo, ni mwingine, dhehebu, ni jingine, na ukiuliza mahali, ni kwingine au pengine, na "pengine" inaweza kusomeka kama labda. Fomu inayouliza "Unapenda chakula gani?" na kumalizia kwa "Nyingine" haimzuii mtu kujibu, hilo nakubali. Lakini humwambia msomaji tangu mwanzo kwamba aliyeiandika hakuwa akimfikiria yeye, na mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo hujibu kwa uvivu. Gharama ya kurekebisha ni kuruhusu lebo ibadilike kwa kila swali. Nimewaomba wenzangu wafanye hivyo mara nyingi, na wengi wao hunitazama kama mwalimu wa sarufi aliyepotea njia.

Saa, hata hivyo, si suala la sarufi. Zahanati ileile ya mzio ilikuwa na swali la miadi lenye vitufe vitatu katika fomu ya Kiingereza: tisa, kumi na moja, na mbili baada ya adhuhuri. Nilipoihamishia kwenye Kiswahili nikaacha tarakimu zilivyo, nikaongeza neno moja mbele: Saa 9:00, Saa 11:00, Saa 2:00. Wiki ya kwanza mzee mmoja wa Kayole alifika saa tisa alasiri, akakuta miadi yake imepita tangu asubuhi, na mama mwenye mtoto mgongoni alifika saa mbili asubuhi, mlango ukiwa ndiyo kwanza unafunguliwa, kumbe alitarajiwa mchana. Wote wawili walisoma kwa usahihi kilichoandikwa. Hapa karibu na ikweta jua hutuchomozea karibu wakati uleule mwaka mzima, na saa ya Kiswahili huanza kuhesabu kutoka hapo; tarakimu za uso wa saa hutofautiana nayo kwa saa sita. Katika mazungumzo hatukosani kwa sababu anayezungumza Kiswahili hutaja saa za Kiswahili, na anayechanganya hurekebishwa papo hapo. Kitufe hakirekebishwi. Sasa huandika kwa maneno na sehemu ya siku, kisha tarakimu: "Saa tatu asubuhi (9:00)," "Saa tano asubuhi (11:00)," "Saa nane mchana (14:00)." Lebo ni ndefu, na msanifu aliyenichorea ukurasa alinung'unika kwamba zinavunja safu yake. Mzee wa Kayole hajapotea tena.

Urefu wa lebo, kwa kweli, ni faida. Lebo iliyofungwa vizuri kwa kitufe chake kwa tagi ya label hugeuka kuwa sehemu ya kitufe, yaani kidole kikigusa neno lolote, duara hujaa. Usipoifunga, mtu lazima alilenge duara lenyewe, na duara la kivinjari ni dogo kama punje ya mtama kwa mtu aliyesimama ndani ya matatu, mkono mmoja juu kwenye bomba. Miongozo ya WCAG 2.2 ya Oktoba 2023, inayohusu kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia wavuti, inataka shabaha ya kugusa iwe na angalau pikseli 24 kwa 24, na mimi huona hicho ni kima cha chini kweli. Ninapofanya majaribio huenda na simu yangu ya bei ndogo, yenye kioo kilichopasuka kona, nikajaza fomu nikiwa safarini kutoka mjini hadi Donholm. Kila nilipobonyeza jibu la jirani badala ya langu, hapo pana kazi ya kufanya.

Rafiki yangu asiyeona, anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, kwenye simu na kwenye kompyuta, alinifundisha sehemu iliyobaki. Nilimpa fomu mpya ya zahanati aipime. Alisikiliza kidogo, akavua vipokea sauti vyake, akanipa mimi. Sauti ilikuwa ikisoma: Ndiyo, haijachaguliwa, ya kwanza kati ya tatu. "Umeniambia majibu," akasema. "Swali je, nilibashiri?" Nilikuwa nimeliandika swali kama aya ya kawaida juu ya vitufe, na jicho huviunganisha vitu vilivyo karibu, lakini mashine haiunganishi ila ilichoambiwa. Dawa yake ni ya zamani na ni nyepesi: kundi lote hufungwa ndani ya tagi ya fieldset, na swali huwekwa katika tagi ya legend, nayo mashine hulitamka swali kabla ya kuingia kwenye majibu. Alinionyesha pia kwamba kwa kibodi kitufe cha Tab humwingiza mtu kwenye kundi mara moja tu, kisha mishale humtembeza kutoka jibu hadi jibu, na kila anapofika jibu hilo huchaguliwa papo hapo. Ndiyo maana ukurasa unaoruka kwenda mahali pengine mara tu kitufe kinapochaguliwa ni adhabu kwake: hawezi kulifikia jibu la tatu bila kupita juu ya la pili.

Idadi ya majibu sitaizungumzia sana. Matatu, manne, matano, yote yaonekane kwa pamoja, ndiyo raha ya kitufe cha redio. Kaunti 47 si za vitufe. Ziweke katika menyu kunjuzi au umwache mtu aandike herufi mbili za mwanzo na orodha ijichuje. Nimewahi kuona zote 47 zikiwa maduara, kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa mpangilio wa namba za kaunti, na mkazi wa Nairobi, ambayo ni ya 47, alilazimika kuteremka nchi nzima kabla ya kufika nyumbani.

Swali la mzio tuliliandika upya mimi na muuguzi, tukiwa tumeketi kwenye benchi la mapokezi, yeye akiwa na kalamu. Kwanza alilifuta neno "mzio," kwa kuwa alisema nusu ya wagonjwa wake huliita aleji na nusu nyingine hawaliiti jina lolote, wanasema tu kwamba dawa fulani iliwahi kuwavimbisha uso. Kisha tukaliondoa kanusho. Na mwisho tukaziondoa Ndiyo na Hapana kabisa, tukampa kila mtu sentensi kamili ambayo angeweza kuitamka bila swali kuwapo: "Kuna dawa iliyowahi kunidhuru," "Hakuna dawa iliyowahi kunidhuru," "Sina hakika." Hakuna kitufe kilichochaguliwa tangu mwanzo. Akibonyeza la kwanza, kisanduku cha maandishi hufunguka chini yake kiulize ni dawa gani. Muuguzi aliisoma mara tatu kwa sauti, akatia sahihi pembeni ya karatasi kana kwamba ni cheti, na akaniambia kwamba bado atamwuliza kila mgonjwa kwa mdomo mlangoni. Nilimwambia afanye hivyo.

Mwezi huu waliniita tena, waongeze swali moja: mtu wa kupigiwa simu kukiwa na dharura, na uhusiano wake na mgonjwa. Fomu ya karatasi ilikuwa na majibu manne, Mzazi, Mwenzi, Ndugu, Mwingine, nami nilianza kuyaandika kwa mazoea kabla vidole havijasita. Mama mdogo ni mzazi au ni mwingine? Baba mkubwa yule wa Peugeot, aliyenilipia karo ya kidato cha tatu, angekaa wapi? Neno ndugu lenyewe kwa wengine ni wa tumbo moja, kwa wengine ni ukoo mzima, na kwa wengine ni mtu wa kijiji kimoja. Nilijaribu kuongeza vitufe: mjomba, shangazi, binamu, shemeji, babu, bibi, mkwe, mlezi. Nilipofika cha kumi na tatu nilivifuta vyote, nikaweka kisanduku kimoja cha maandishi chenye maneno "Ni nani wako?" Asubuhi iliyofuata muuguzi alinitumia picha ya majibu ya kwanza. Mmoja aliandika "mama mdogo aliyenilea." Mwingine, "dada wa kanisani." Wa tatu aliandika, "Jirani wa ghorofa ya pili. Ndiye mwenye ufunguo."